SOMO: MKULIMA APANGAPO BEI MWENYEWE

Kando ya barabara za Japani ziko stesheni ziitwazo michi-no-eki, yaani stesheni za barabarani. Utaratibu wake ulianza rasmi mwaka 1993, na leo idadi yake imepita 1,200. Msafiri huegesha gari bure, mchana na usiku, kisha huingia sokoni kununua mboga mbichi, miso, achari ya figili, na vitamutamu vya kuwapelekea jamaa na wafanyakazi wenzake, kama ilivyo desturi ya Wajapani.

Makatibu na waitazame hesabu. Kwa kawaida mkulima hupanga bei mwenyewe, hubandika jina lake juu ya mzigo, na hukatwa ushuru kwa kile tu kilichouzwa, mara nyingi kama asilimia 15. Kisichouzwa hukichukua jioni. Basi hasara ya kuoza ni yake, si ya soko. Wausifuo mpango huu hulisahau jambo hilo. Tena msimu wa kabichi kila mtu huleta kabichi, ndipo jirani humshushia jirani bei. Wengine hukwepa shindano hilo kwa kusindika: figili iliyotiwa chumvi na kufungwa vizuri humngoja mnunuzi kwa majuma mengi.