Usiuze Mboni ya Jicho Lako kwa Bakuli la Dengu

Somo: Mwanzo 25:29-34, Zaburi 17:8

Jumapili tulisoma habari za Esau. Alirudi kutoka porini akiwa hoi kwa njaa, akamkuta ndugu yake Yakobo amepika dengu. Yakobo hakumnyang'anya kitu. Alitaja bei tu: haki ya mzaliwa wa kwanza. Esau akaapa, akala, akanywa, akaenda zake. Wiki hii tuirudie habari hiyo, kwa sababu siku hizi bakuli la dengu linaletwa na simu.

Yaliyotokea Nairobi

Mwisho wa Julai 2023, maelfu ya watu, wengi wao vijana, walipanga foleni pale KICC. Mradi uitwao Worldcoin ulikuwa ukipiga picha mboni za macho yao, na aliyekubali alipewa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya karibu Sh7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha kazi hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Ilisema idhini iliyopatikana kwa kuwavuta watu na sarafu haikuwa idhini halali.

Tusiwacheke wale waliopanga foleni. Kwa kijana asiye na kazi, hata hapa Kakamega, elfu saba ni kodi ya nyumba na unga wa mwezi. Esau naye njaa yake ilikuwa ya kweli. Shida ni kile alichokubali kutoa.

1. Anayelipa ananunua

Sisi tuliosomea biashara tulifundishwa kuuliza: huyu anayetoa pesa, anachukua nini? Ukiambiwa "ni bure, weka tu namba ya kitambulisho na picha ya uso," jua kwamba wewe ndiye bidhaa mezani. Kijana, uliza swali hilo kabla ya kubonyeza "Nakubali."

2. Kuna vitu havina badala

PIN ikijulikana, unaibadilisha. Laini ikipotea, unairudisha. Jicho hulibadilishi. Daudi alipotafuta mfano wa kitu kinacholindwa sana, alitaja mboni ya jicho. Vivyo hivyo picha ya mwili wako: ukishaituma, hairudi mkononi mwako, hata kama uliyemtumia aliapa kwa jina la Mungu. Na wewe uliyetumiwa, ukiisambaza unavunja sheria. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inaweka faini ya hadi Sh200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili.

3. Njaa haitaki kungoja

Esau alisema kwamba yuko karibu kufa. Kweli? Nyumba ya Isaka haikukosa chakula. Njaa ilimfanya aone mlango mmoja tu. Ndivyo tunavyochukua mkopo wa simu saa tano usiku. Programu inaomba kusoma majina yote kwenye simu, tunakubali. Kumbe umemweka rehani mama yako, mwalimu wako na pasta wako bila kuwauliza! Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga kampuni moja ya mikopo faini ya karibu Sh3 milioni kwa kutumia namba za watu kwa njia hiyo.

Neno kwa wazazi

Baba yake Esau alikuwa hai, lakini hatusomi kwamba Esau alimuuliza. Je, mtoto wako angekuuliza? Tukifoka kila tunapomwona na simu, siku atakapotishwa na mtu mtandaoni atanyamaza. Mwambie mapema: "Likitokea lolote, njoo kwangu kwanza." Na akija, msikilize kabla ya kumkemea. Msilipe anayetisha, msifute ujumbe wake, maana huo ni ushahidi. Pelekeni habari polisi. Mtoto pia anaweza kupiga 116, bila malipo.

Kazi ya wiki

Fungua mipangilio ya simu yako. Tazama ni programu zipi zinaruhusiwa kuona majina, kamera na mahali ulipo. Ondoa ruhusa zisizo na kazi. Tena, ukiletewa ofa ya pesa ya haraka, ilaze usiku mmoja na umuulize mtu mzima mmoja unayemwamini.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni "dengu" gani zinazowavuta vijana wetu mtandaoni?
2. Ni njaa gani nyuma yake, na kanisa linaweza kusaidia vipi?
3. Nyumbani kwako, ni nani mtoto anaweza kumwambia bila kuogopa?

Tuombe

Baba, tulinde kama mboni ya jicho. Tupe subira wakati wa njaa, na utufanye wazazi wanaokimbiliwa, si wanaokimbiwa. Katika jina la Yesu, amina.