Juu ya nini watafiti wanatia virusi ndani ya ngano?

Wandugu wakulima, katika mkutano mmoja wa koperativi, mama mmoja alituuliza: «Ninyi munatuambia tungoe muhogo wenye mozaiki. Juu ya nini wenzenu wanatia virusi ndani ya ngano kusudi?» Ulizo ni la haki.

Jeni ni sawa na agizo lililoandikwa ndani ya mmea. Moja inaagiza rangi, ingine inaagiza kupambana na kutu ya majani. Kusudi tujue jeni fulani inafanya kazi gani, tunainyamazisha, halafu tunaangalia mmea unapungukiwa na nini. Kwa ngano ni taabu, kwani karibu kila jeni iko na nakala 3. Ukiharibu moja, zile 2 zinaendelea na kazi, na wewe hauoni kitu.

Hapo ndipo virusi vinasaidia. Virusi vikiingia, mmea unatambua maandishi yake na kuyakatakata. Watafiti wanachukua virusi vya ugonjwa wa mistari ya shayiri, wanaviongezea kipande kidogo cha jeni ya mmea wenyewe. Ni kama mwizi aliyevaa shati sawa na la mtoto wa nyumba: walinzi wanapiga kila mwenye shati lile, hata mtoto. Ndivyo jeni inanyamaza, nakala zote 3 pamoja, bila kungoja miezi mingi. Wiki 2 ao 3 zinatosha.

Mwaka 2002, huko Marekani, walinyamazisha katika shayiri jeni inayosaidia kutengeneza rangi inayokinga majani na jua kali. Majani yakawa meupe. Mwaka 2005 ikawa zamu ya ngano yenye jeni Lr21, inayoshinda kutu. Walipoinyamazisha, ngano ile ile ikashikwa na kutu. Sasa mwenye kuzalisha mbegu anajua ni jeni gani asiipoteze anapochanganya aina, na kutu ni adui anayejulikana vizuri hata kwa wanaolima ngano kule Lubero.

Lakini musichanganye mambo. Virusi hivi vinapita kwa majani kugusana, tena kwa mbegu. Ndiyo sababu kazi inafanyiwa katika nyumba zilizofungwa, na mimea ile haifiki kwenye mashamba yenu. Virusi havikuwa dawa. Mama yetu aendelee kungoa muhogo wenye mozaiki, na asikate miti ya kupanda kwenye shina lenye majani yaliyojikunja.