Weupe Hauuzwi: Somo Fupi la Rangi za Maji

Mwanachuo mwenzangu, bumu likitoka na ukaingia duka la vifaa vya sanaa, utavutwa na boksi la rangi ishirini na nne. Liache. Chukua nyekundu, njano, buluu na kahawia, hela inayobaki nunua karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ile ya fotokopi, gramu 80, itajikunja na kuchubuka. Karatasi moja ikate vipande vinne, tumia pande zote mbili.

Kwa nini karatasi kwanza? Kwa sababu kwenye rangi za maji zinazopitisha nuru, weupe wote ni wa karatasi. Rangi hizi ni unga uliochanganywa na gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan. Ukizimua kwa maji, nuru inapenya, inagonga karatasi na kurudi machoni. Rangi ya mafuta ukikosea unaifunika, hii haifunikiki. Kila tabaka linapunguza nuru. Kwa hiyo tunaanza na hafifu, tunamalizia na nzito.

Tuseme uko Coco Beach jioni, jua liko mgongoni, mbele yako inapita ngalawa yenye tanga jeupe.

1. Kabla ya kushika brashi, amua nini kitabaki karatasi tupu: tanga, mawingu, povu la mawimbi. Vizungushie penseli kidogo tu.

2. Lowesha anga kwa maji safi, ukiruka tanga na mawingu. Weka buluu, inamisha ubao, rangi itatambaa yenyewe. Usiifukuzefukuze.

3. Subiri ikauke. Gusa kwa mgongo wa mkono: ukihisi ubaridi, bado mbichi. Ukidondosha maji hapo, utapata doa lenye kingo kama koliflawa.

4. Bahari, tandaza njano hafifu, ikikauka pitisha buluu juu yake. Jicho litaona kijani chenye uhai. Kisha laza brashi yenye maji machache, iburute haraka. Vitone vyeupe vitakavyobaki ndiyo mng'ao wa maji.

5. Mwisho miamba na kivuli cha ngalawa. Achana na nyeusi ya dukani, changanya buluu na kahawia. Ukizidisha rangi tatu kwenye mchanganyiko mmoja, unapata matope.

Mmarekani Winslow Homer, aliyeanza rangi hizi kwa dhati mwaka 1873, alichora Bahamas namna hiyo. Jua kali unaloliona kwenye kuta zake nyeupe, mara nyingi ni karatasi aliyoiacha.

Zoezi la wiki hii: chora mandhari ileile mara tatu, kila mara ukiongeza sehemu unazoziacha wazi. Zipange ukutani, rudi nyuma hatua tano, uangalie ipi ina jua.