Mpini Kwanza, Makali Baadaye: Somo kwa Watumiaji wa Panga na Muhoro

Msimu wa mvua unapokaribia, kaya nyingi za Ngara na za jirani zetu wa Biharamulo hutoa mapanga, mihoro na visu na kuvipeleka kwenye kinoo. Makali hunolewa hadi yang'ae. Mpini huachwa kama ulivyokuwa mwaka uliopita: umepasuka, umezungushiwa kamba ya katani, au umebakiwa na kipande kimoja cha ubao kati ya viwili. Desturi hiyo ndiyo iliyotufanya tuandae somo hili, kwa maana jeraha la mkono laweza kuanzia kwenye mpini kabla makali hayajagusa ngozi.

Katika siasa na biashara husemwa kwamba fulani ameshika mpini na mwenzake ameshika makali. Shambani usemi huo hauna fumbo lolote. Mkono ukiteleza kwenye mpini uliolowa, kitu cha pili utakachokishika ni makali.

Tukubaliane kwanza juu ya majina, maana vijana wengi hawayatumii tena. Bapa ni bamba la chuma lenye makali upande mmoja na mgongo upande wa pili. Msuka ni mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Noleo ni pete ya chuma inayoubana mpini pale bapa linapotokea, ili mti usipasuke. Panga la dukani huwa na msuka mpana, karibu upana wa mpini wenyewe, uliowekwa katikati ya vipande viwili vya ubao au plastiki na kufungwa kwa ribiti. Muhoro unaofuliwa na wahunzi wetu huwa na msuka mwembamba kama msumari mkubwa, ambao hupashwa moto na kupigiliwa ndani ya mti. Ufundi huu wa chuma si mgeni kwetu: uchunguzi wa mambo ya kale uliofanyika Katuruka, karibu na Bukoba, umeonyesha kuwa chuma kiliyeyushwa katika eneo hilo takriban miaka 2,000 iliyopita.

Zana hizi mbili huharibika kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa usalama. Panga hutoa onyo. Ribiti huanza kucheza, ubao huachana na chuma, na nafasi inayotokea huifinya nyama ya kiganja kila unapopiga. Mtumiaji husikia maumivu, hukasirika, na mara nyingi hutafuta kamba. Muhoro hauonyi namna hiyo. Mti uliolowa hufura na kujikandamiza kwenye chuma; kiangazi kikifika husinyaa na kupata nyufa, na mshiko wa msuka hulegea bila mtu kujua. Kisha siku moja mtu ananyanyua muhoro ili akate jani la mgomba, na bapa linachomoka likaruka. Anayeumia hapo aweza kuwa mwenzake aliyesimama nyuma. Kwa sababu hiyo wanaopogoa shamba moja waachiane nafasi ya hatua tano au zaidi, na asiwepo mtu nyuma ya mkono unaonyanyuliwa.

Ipo dawa inayopendwa sana vijijini, nayo ni kuloweka zana majini usiku kucha ili mpini ukaze. Kweli hukaza, kwa siku moja au mbili. Mti ule ukikauka tena hulegea kuliko mwanzo, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kupondwa na chuma. Kuloweka ni kuahirisha kazi ya kubadili mpini, na kuiahirisha kwa gharama ya kidole.

Tuje kwenye mshiko wenyewe. Jasho, mvua, utomvu wa mgomba, damu na mafuta wakati wa kuchinja, vyote hupunguza msuguano kati ya kiganja na mpini. Mtu hufidia upungufu huo kwa kubana zaidi. Misuli ya mkono wa mbele huchoka, vidole hufunguka kidogo kidogo, na mwenye kazi hatambui mpaka zana imegeuka mkononi. Makali butu huongeza balaa lilo hilo, kwa kuwa hudai nguvu nyingi kwa kila pigo. Ndiyo maana hatusemi makali yapuuzwe, tunasema yasitangulie.

Unene wa mpini ndio unaoamua ni muda gani mkono utadumu. Kwa mtu mzima wa kawaida, unene wa milimita 30 hadi 40 unafaa, na urefu usipungue sentimita 10. Ukifika 12 ni bora zaidi, ili ncha ya mpini isichome katikati ya kiganja. Asiye na rula atumie mkono wake: akiushika mpini, kidole gumba kifike juu ya ncha ya kidole cha shahada. Kisipofika, mpini ni mnene mno kwake. Vidole vikijikunja hadi kuchoma kiganja, ni mwembamba.

Umbo nalo lisemwe. Mpini wa duara kamili, kama mpini wa fagio, haufai kwa zana yenye makali upande mmoja, kwa kuwa hauuambii mkono makali yameelekea wapi. Mpini mzuri una umbo la yai. Ukiwa dukani, shika panga, fumba macho, ligeuze polepole huku makali yakiwa mbali na mwili, kisha ujiulize makali yako upande gani. Kama huna hakika, rudisha panga hilo na uchukue jingine. Na usivutwe na mng'ao: mpini uliopakwa vanishi hupendeza rafuni na huteleza mvuani.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami. Panga na muhoro, vinapopigwa, huvutwa kutoka mkononi kwenda mbele. Kinachovizuia visiruke ni uvimbe wa kisigino cha mpini, pale kidole cha mwisho kinapokaa. Kisu chenye ncha, kinachosukumwa kutoboa gunia au kuchuna ngozi, hufanya kinyume: kikikwama ghafla, mkono ndio unaokwenda mbele juu ya makali. Kisu cha namna hiyo kinahitaji kizuizi upande wa mbele, japo kifundo kidogo cha mti. Visu vingi tunavyovitumia kumenyea mihogo havina kizuizi hicho, na wanaovitumia kutwa nzima ni akina mama na mabinti wenye mikono iliyolowa.

Anayebadili mpini achague mti mgumu usiopasuka kirahisi. Mpera ni mzuri sana. Shina la mkahawa uliozeeka na kung'olewa ni zuri vilevile, na kwetu halikosekani. Msonobari ni laini mno kwa kazi hii. Mti ukaushwe kivulini kwa miezi kadhaa, si juani, na nyuzi zake zifuate urefu wa mpini. Zikikata mshazari, mpini utavunjika siku ya kazi ngumu. Ribiti za panga zaweza kutengenezwa na fundi kwa msumari mnene uliokatwa, ukapondwa pande zote mbili na kusawazishwa kwa tupa hadi vichwa visikwaruze kiganja. Waya wa kufungia si ribiti. Mwishoni piga msasa wa wastani na upake nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kiasi kidogo sana, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Biharamulo kuna wafugaji wa nyuki, na nta mara nyingi hutupwa baada ya asali kukamuliwa.

Wengi huvisha mpini ukanda uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Ni mshiko mzuri hata penye mvua, na hatuupingi. Kasoro yake ni kwamba huficha nyufa, hivyo ufunguliwe kila msimu na mti ukaguliwe. Kitanzi cha kuvaa mkononi ni jambo jingine. Panga lililofungwa kwenye kifundo cha mkono, likiponyoka, halianguki chini; hurudi kwa mwenyewe.

Wakulima wa migomba wana sababu ya ziada ya kuutunza mpini. Mnyauko wa bakteria wa migomba, uliothibitika mkoani Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000, huenezwa pia na zana zenye utomvu wa mgomba mgonjwa. Mkulima huambiwa atakase bapa kwa moto au kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Utomvu uliojificha kwenye kamba za mpini na kwenye nyufa husahaulika. Mpini mzima, usio na kamba wala ufa, huoshwa na kuisha. Anayetumia moto apashe bapa tu na aepuke kufika kwenye noleo, kwani joto huunguza mti kuuzunguka msuka na kuulegeza. Anayetumia klorini asuuze kwa maji safi, kwa sababu dawa hiyo hula ribiti.

Panga la baba si panga la mtoto. Mpini uliotengenezwa kwa kiganja cha mtu mzima hauwezi kushikwa sawasawa na kiganja cha mtoto wa darasa la tano, hata awe hodari vipi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto katika kazi za hatari. Kwa wanaoajiri vibarua, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe zana anazowakabidhi ni salama. Panga lenye ribiti mbovu linapokabidhiwa kibarua asubuhi, wajibu huo umekwisha kuvunjwa kabla kazi haijaanza.

Ajali ikitokea, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Damu ikipungua, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usipake udongo, kinyesi cha ng'ombe, unga wa kahawa wala mafuta ya taa. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, kwa hiyo jeraha la shambani, hata likiwa dogo, lipelekwe zahanati ili mhudumu aamue kama chanjo inahitajika. Kisha jaribu kukunja na kunyoosha kila kidole kimoja kimoja. Kidole kisichokunjika, kisichonyooka au chenye ganzi kina mshipa uliokatwa. Kushona ngozi peke yake hakutakirudisha, na majeruhi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.