SOMO LA DAWA: YANAYOTUFAA KUTOKA SHINYANGA NA GEITA



Msimu wa kuchuma unapokaribia, kila mmoja wetu hutengeneza ngazi, kamba, majamvi na mapakacha. Kitu kimoja huachwa mpaka wakati umekwisha pita, nacho ni dawa za kambini. Mtu huugua, kijana akatumwa dukani kuleta "vidonge vya homa", na hapana anayejua ni homa gani. Katika somo hili twapenda tuitazame mikoa ya Shinyanga na Geita, huko Bara panapochimbwa dhahabu, kwani yaliyotokea huko yatufundisha mengi.

Kwa nini tusafiri mbali hivyo? Kwanza, kambi ya dhahabu na kambi ya karafuu zafanana. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa yuko mbali na kwao, hupata kwa kadiri alivyofanya kazi, na siku aliyolala ni siku isiyo na riziki. Mchumaji wetu naye ni hivyo hivyo. Watu wa namna hii hawapendi kupanga foleni kituo cha afya. Hukimbilia duka lililo karibu, wakanunua kwa kadiri ya fedha iliyomo mfukoni.

Pili, wako vijana wetu waendao Bara kutafuta maisha, kisha hurejea. Katika uchunguzi wa mwaka 2017, kwa kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Geita, 17 walikutwa na malaria. Kwa Bara yote walikuwa kama 7. Kwetu Zanzibar hawakufika hata 1. Basi homa ya mtu aliyetoka safari si jambo la kupooza kwa kidonge kimoja na kungojea.

1. SHERIA NA MADUKA

Bara, sheria ya dawa na sumu ya mwaka 1978 iliyagawa maduka mafungu mawili. Watu waliyaita duka la dawa moto na duka la dawa baridi. La dawa moto, yaani famasi, lilikuwa na mtaalamu wake na liliweza kutoa dawa zinazotaka cheti cha daktari. La dawa baridi lilipasa kuuza zile tu zisizotaka cheti. Lakini vijijini famasi zilikuwa adimu, na maduka mengi ya dawa baridi yakawa yanauza hata yaliyokatazwa, maana mgonjwa amesimama mlangoni na hospitali iko mbali.

Kuona hivyo, mwaka 2003 yalianzwa mkoani Ruvuma maduka ya dawa muhimu. Muuzaji wake hufunzwa, duka hukaguliwa, na huruhusiwa kutoa dawa chache za cheti zilizoandikwa katika orodha. Mpango huo ukaenezwa mikoa mingine. Mwaka huo huo Bara ilipata mamlaka ya chakula na dawa, ambayo tangu mwaka 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2006, na msimamizi wetu ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Mwanachama asidhani kuwa ukaguzi huu ni usumbufu. Mwaka 2009 iligunduliwa Bara, katika famasi 40, dawa bandia ya malaria yenye jina la Metakelfin, ambayo haikuwa na dawa ya kutosha ndani yake. Sisi tunaojua gunia la karafuu lililochanganywa na makonyo twafahamu mchezo huo. Tofauti ni kwamba hapa aliyeibiwa hupoteza uhai.

2. SOMO LA MASWA

Malaria ilipozizoea dawa za zamani, Bara iliacha klorokwini mwaka 2001, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia katika dawa ya mseto. Zanzibar ilitangulia, tulianza mseto mwaka 2003. Lakini dawa hiyo ilikuwa ghali madukani, na watu wakaendelea kununua zile za bei rahisi zisizowaponya vema.

Mwaka 2007 serikali na taasisi ya Clinton walifanya jaribio. Walizipunguza bei dawa za mseto tangu kwa wauzaji wa jumla, zikapelekwa katika maduka ya wilaya ya Maswa, wakati ule ikiwa mkoa wa Shinyanga (leo ni Simiyu), na ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Wilaya ya Shinyanga Vijijini haikupunguziwa, ili ipatikane ya kulinganisha. Kabla ya jaribio, kati ya wanunuzi 100 wa dawa za malaria ni kama 1 tu aliyenunua mseto. Baada ya mwaka mmoja, Maswa na Kongwa walifika 44. Shinyanga Vijijini hali ilibaki karibu vile vile.

Yafaa tutoe mafunzo mawili hapa. La kwanza: masikini si mjinga wala mkaidi. Dawa njema ikimfikia kwa bei aiwezayo, huichukua. La pili: maduka yaliyokuwa mbali na miji na barabara kubwa yalichelewa kuipata, na huko ndiko waliko watu wa mashamba na wa machimbo. Tena, kununua dawa si kupimwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kupewa dawa, kwani homa ina sababu nyingi, na dawa ya malaria haiponyi homa ya mapafu.

3. SOMO LA MWANZA

Geita ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Mwanza wakati huo, yaani kati ya mwaka 1991 na 1994, lilipofanyika mkoani jaribio jingine. Katika vituo vya afya vya baadhi ya vijiji, watumishi walifunzwa kutibu magonjwa ya zinaa ipasavyo, na dawa zikahakikishwa kuwapo daima. Vijiji vingine vikangojea. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: palipotibiwa vema, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kiasi cha 40 katika 100.

Hapakuwa na dawa mpya ya ajabu. Palikuwa na mtu aliyefunzwa, dawa iliyo sahihi, na dozi iliyo kamili. Anayeona haya akanunua vidonge rangi mbili viwili vitatu uchochoroni, ugonjwa hujificha, naye humrudishia mkewe nyumbani.

4. DOZI NI AMANA

Serikali hukagua duka, muuzaji hutoa dawa, lakini kuimeza ni kazi yetu wenyewe, na hapo hapana mkaguzi. Tutazame dawa ya mseto ya vidonge iitwayo ALu. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6, jumla 24, kwa siku 3: dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Ndani yake mna dawa mbili. Moja hupiga upesi na kutoka upesi mwilini. Ndiyo impayo mgonjwa nafuu siku ya pili. Nyingine hukaa na kuua masalio. Aliyeacha siku ya pili kwa kuwa amepata nguvu ameyaacha masalio hai, nayo ndiyo yajifunzayo kuizoea dawa. Waliopewa mseto wa namna nyingine wafuate karatasi yao.

Kadhalika dawa za kuua vijidudu, kama amoksilini: haziponyi mafua, hazigawanywi baina ya wagonjwa wawili, wala hazifichwi kwa ajili ya mwakani.

5. DAWA ZA BILA CHETI

Kutotaka cheti si kutokuwa na madhara. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima ya saa 24, tena akumbuke kuwa dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ikizidi huharibu ini. Vidonge vya klofeniramini, ambavyo wengi huviita Piriton, hulevya usingizi. Aliyevimeza asishuke katika shimo la dhahabu wala asipande mkarafuu. Daiklofenak ya maumivu ya mgongo huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, khasa kwa aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji. Wenye vidonda vya tumbo na wajawazito wasiimeze bila ya kumwuliza daktari.

Hata karafuu yetu ni dawa. Mafuta yake hupooza jino, lakini mtoto mdogo akiyanywa huweza kumwua ini. Chupa na ihifadhiwe juu.

6. YATUPASAYO MSIMU HUU

(a) Sanduku la kambi liwe na parasetamoli, pakiti za chumvi ya kuhara, bendeji na sabuni. Dawa za cheti zisiwemo. Chumvi ya kuhara ichanganywe kama pakiti yake inavyoagiza, na maji yawe safi.

(b) Mwenye shamba aweke kando nauli ya mgonjwa. Nauli ya kituo cha afya ni rahisi kuliko sanda.

(c) Mwenye homa aliyetoka Bara apelekwe kupimwa siku ile ile, na awaambie watumishi wa afya kuwa ametoka safari.

(d) Aliyeanguka mkarafuu asipewe kidonge cha maumivu akarudishwa juu. Maumivu yakizimwa, mfupa uliovunjika hausemi.

(e) Tununue katika duka lenye kibali kilichotundikwa ukutani, tusome tarehe ya mwisho wa matumizi, na tukatae vidonge visivyo na jina.

MASWALI YA MKUTANO WA TAWI

Je, kituo cha afya kilicho karibu na kila kambi hufunguliwa saa ngapi? Nani katika kambi ajuaye kusoma karatasi ya dawa na kuwasomea wenziwe? Nauli ya mgonjwa itakaa kwa nani?

Matawi yaandike majibu na kuyaleta ofisini kabla ya msimu kuanza, ili kila kambi ipate karatasi yake ya kubandika mlangoni.

Katibu