SOMO LA SOKO: Magome ya dawa na mtaji wa Tunduma

Mfanyabiashara wa Tunduma akiuziwa magome ya porini kwa bei ya juu, kwa maelezo kuwa yamethibitishwa kuua bakteria, aulize kwanza yamepimwa vipi. Katika maabara, maji ya mmea huwekwa kwenye kisahani chenye vijidudu kama Staphylococcus aureus. Likitokea duara lisilo na vijidudu, mmea umezuia visikue. Kipimo hicho hakionyeshi kiasi salama cha kumeza, wala kwamba mgonjwa atapona. Chini ya Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Pasipo usajili huo, mzigo ulipiwe bei ya magome tu.