Hija ya Miguu kwa Mtu wa Makamo

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, umati mkubwa wa waamini hukusanyika Namugongo, karibu na mji wa Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Wengi hufika kwa motokaa. Lakini maelfu huja kwa miguu, wengine baada ya kutembea majuma mawili au zaidi, wakitoka pande zote za Uganda, na Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wala si vijana peke yao. Wamo akina baba na akina mama wa miaka 45, 50 na hata 60, waliokwisha kulea watoto na kuzika wazazi, na ambao sasa wataka kutimiza jambo walilolitamani tangu ujana wao. Hao ndio tunaowaandikia leo, pamoja na jamaa zao, maana safari ya mzazi huigusa nyumba nzima.

I. Kwa nini kwa miguu?

Mungu husikia sala ya mtu aliyepanda basi kama asikiavyo ya aliyetembea. Basi kwa nini kujitaabisha? Kwa sababu mwanadamu si roho tupu; ana mwili, na mwili nao wapaswa kusali. Wayahudi wa kale walipanda kwenda Yerusalemu kwa miguu, na Zaburi kumi na tano, tangu ya 120 hata ya 134, zaitwa nyimbo za kupandia. Mtoto Yesu, alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliifuata njia hiyo hiyo pamoja na Maria na Yosefu.

Mashahidi wetu pia walitembea. Mwezi wa Mei 1886, Kabaka Mwanga alipowahukumu kule Munyonyo, kando ya Ziwa, walifungwa kamba na kupelekwa Namugongo kwa miguu; baadhi yao waliuawa njiani. Tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake wengi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto. Mashahidi Wakatoliki 22, waliouawa kati ya 1885 na 1887, walitajwa Wenye Heri mwaka 1920, na Baba Mtakatifu Paulo wa VI aliwatangaza Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Tumezoea kuwafikiria kama vijana, kwa ajili ya Kizito aliyekuwa na miaka 14 hivi. Lakini Matia Mulumba alikuwa mtu wa makamo, yapata miaka 50, mwenye mke na watoto na cheo katika nchi. Alikatwa viungo akaachwa afe polepole mahali paitwapo Kampala ya Kale. Mzazi aendaye Namugongo basi ana mwenzake wa rika lake miongoni mwa Watakatifu hao.

II. Kwanza haki, kisha ibada

Kabla ya kununua viatu, na ajiulize: je, naweza kuondoka bila kumdhulumu mtu? Hija inayolipiwa kwa karo ya mtoto, au kwa fedha za mkopo ambazo mke atabaki akidaiwa, haimpendezi Mungu. Mwenye mgonjwa nyumbani asiye na wa kumwangalia, hija yake ya mwaka huo iko kando ya kitanda cha mgonjwa yule. Mume na mke na wakubaliane waziwazi, tena mapema: nani atalisha mifugo, nani atalinda duka, fedha kiasi gani zitakwenda na kiasi gani zitabaki. Mwenye deni alipe, au aende kwa mdai wake waelewane. Aliyegombana na ndugu apatane naye kabla ya kuondoka. Kumwomba Mungu msamaha umbali wa kilometa 300 ni rahisi kuliko kumwomba jirani hatua thelathini kutoka mlangoni, lakini cha pili ndicho kinachotangulia.

Wako wanaokwenda kwa sababu ya nadhiri. Mathalani, baba mmoja aliahidi, mtoto wake alipokuwa mahututi, kwamba akipona atatembea hata Namugongo. Mtoto akapona, miaka ikapita, sasa baba ana shinikizo la damu na daktari amemkataza. Afanyeje? Wengine huenda kwa hofu, wakidhani Mungu atamrudisha mtoto kitandani. Hofu hiyo si imani. Kanisa lafundisha kwamba nadhiri ni ahadi ya hiari juu ya jema linalowezekana, na ya kwamba humfunga yule aliyeiweka tu. Haimfungi mtoto wala mke. Sheria ya Kanisa humruhusu mwenyewe kuibadili nadhiri yake ya faragha kwa jema lililo sawa au lililo bora zaidi. Tena paroko, kwa sababu ya haki, aweza kumfungulia. Basi na aende kwa paroko wake, aseme yote. Mungu si mdai anayevizia mlangoni.

III. Kuuandaa mwili

Mkulima atasema: mimi nimelima maisha yangu yote, nifundishwe kutembea? Jembe huimarisha mgongo na mikono. Kutembea kilometa 25 juu ya lami, kesho 25 tena, na keshokutwa vivyo hivyo, ni kazi nyingine. Nyayo, magoti na nyonga hupata pigo lile lile mara maelfu kwa siku. Karani na dereva, wanaokaa kutwa, wana haja kubwa zaidi ya maandalizi. Baada ya miaka 40 misuli hupungua nguvu kidogo kidogo, na mishipa ishikayo viungo huchelewa kupona. Mwili wa makamo bado hujifunza, ila hautaki kuharakishwa. Kawia ufike.

Jambo la kwanza ni kwenda hospitali kupimwa shinikizo la damu, sukari na moyo. Mwenye kutumia dawa aulize jinsi ya kuzitumia njiani, wala asiziache kwa kisingizio cha kufunga au cha imani. Mwenye kisukari aelewe kwamba miguu yake yaweza kuwa na ganzi, akapata kidonda asikijue. Yampasa kuitazama kila jioni, au mwenzake amtazamie.

Baada ya hapo aanze kutembea, majuma 16 kabla ya safari. Majuma manne ya kwanza atembee siku nne kwa juma, kilometa 5 kila siku, na siku moja kati ya hizo afikishe 8. Majuma manne yanayofuata ile siku ya mwendo mrefu ipande polepole hata kilometa 12, kisha 15. Majuma matano baada ya hayo afikishe 20, na mara mbili au tatu atembee siku mbili mfululizo, 20 leo na 15 kesho, akiwa amebeba mzigo ule ule atakaokwenda nao. Siku ya pili ndiyo imfundishayo mtu hija ni nini. Kila juma la nne apunguze mwendo ili mwili upone. Majuma matatu ya mwisho apunguze tena, aondoke akiwa na nguvu.

Kwaresima huangukia ndani ya miezi hiyo, nayo yafaa sana kwa kazi hii. Sheria ya kufunga huwabana waamini tangu miaka 18 hata mwanzo wa mwaka wa 60. Lakini siku ya kufunga isiwe siku ya mwendo mrefu. Nabii Eliya alipochoka jangwani, malaika alimwamsha kwanza ale na kunywa, ndipo akatembea siku arobaini hata Horebu.

Viatu visiwe vipya siku ya kuondoka. Viwe vimekwisha kuvaliwa miezi miwili, na viwe vipana kidogo, maana mguu huvimba kwa mwendo. Lengelenge huletwa na msuguano na unyevu: soksi zibadilishwe zikilowa, na pale panapoanza kuwaka moto pafungwe bandeji mara moja, bila kungoja kituo. Lengelenge likiisha kutokea, ngozi yake isichunwe. Mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Fimbo si aibu. Kwenye mteremko huyapunguzia magoti taabu.

IV. Kuipanga njia

Tuchukue mfano wa mtu wa Bukoba. Toka Bukoba hata mpakani Mutukula ni yapata kilometa 80. Toka Mutukula hata Masaka, 90. Toka Masaka hata Kampala, 130. Na toka hapo hata Namugongo, 15 hivi. Jumla yake yakaribia 315. Kwa kilometa 25 kwa siku ni siku 13 za mwendo. Tuongeze mbili za kupumzika, ziwe 15. Akiondoka tarehe 17 Mei atafika tarehe 31, akiwa na siku za akiba kabla ya sikukuu. Atakayejipangia kilometa 40 kwa siku kwa sababu vijana wa kikundi chake wanaziweza, huenda asiuone mji wa Masaka.

Mwezi wa Mei mvua bado zanyesha: aweke koti la mvua na chandarua. Aondoke alfajiri, apumzike jua likiwa kali. Kati ya Lukaya na Kayabwe, ambako barabara huvuka mstari wa Ikweta, kuna bonde la Lwera lenye mafunjo na maji pande zote, na kivuli ni haba. Hapo apite asubuhi na maji ya kutosha. Wala asinywe maji matupu kutwa nzima akitoka jasho. Ale na chakula chenye chumvi. Barabarani magari hupita kushoto, basi wao watembee kulia wakiyatazama yajayo, kwa mstari mmoja, na gizani wavae nguo zenye kung'aa. Hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano visisahauliwe.

Na ajiwekee sheria hii: akisikia maumivu ya kifua, au pumzi kukatika, au kizunguzungu kisichokwisha kwa kupumzika, asimame na kutafuta hospitali. Kama ni goti tu lililoshindwa, apande gari bila aibu. Aliyefika kwa gari baada ya kutembea kilometa 200 amehiji. Na aliyerudi nyumbani kwa utii wa daktari amehiji pia.

V. Kuiandaa roho

Mtu wa makamo ana hatari moja asiyo nayo kijana: kutaka kuonyesha kwamba bado hajazeeka. Hapo hija hugeuka mashindano, na rozari hubaki mfukoni. Dawa yake ni nia iliyo wazi. Aandike juu ya karatasi majina ya watu atakaowaombea, jina moja au mawili kwa kila siku ya mwendo: marehemu wake, mtoto aliyeacha Kanisa, mwenzi wa ndoa, hata adui. Aungame kabla ya kuondoka. Katika kikundi, mwendo uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Hilo peke yake ni tendo la upendo la kila saa.

Nao waliobaki nyumbani wasali jioni kwa nia hizo hizo, watoto wakihesabu juu ya ramani baba au mama amefika wapi. Hivyo, siku ya tarehe 3 Juni, jamaa yote itakuwa imehiji.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Je, katika nyumba yetu yuko aliyeweka nadhiri ambayo haijatimizwa? Amekwisha kumwona paroko?
2. Ni nani tunayepaswa kupatana naye kabla ya kufikiri safari yoyote?
3. Baba au mama akiondoka majuma mawili, ni kazi gani kila mtoto aweza kuichukua?
4. Mkongwe au mgonjwa asiyeweza kutembea ashirikishwe hija kwa njia gani?